Kabla hujamwita mzembe, uliza nani anaumwa ndani

Ndugu mkulima, hivi karibuni nilipita kwenye kibanja kimoja hapa Muleba. Magugu yalifika magotini, maua dume ya migomba yananing'inia, na migomba mitatu imeshaanza mnyauko. Nikaandika kwenye daftari: "Hafuati ushauri." Mama mwenye kibanja akanikaribisha ndani. Mume wake amepooza upande mmoja. Yeye ndiye anayemgeuza, anamwosha, anamlisha, na usiku halali. Nililifuta lile neno.

Mtu kama huyu halipwi na hana likizo. Tukiitisha mafunzo saa nne asubuhi, atamwachia nani mgonjwa? Kosa hilo ni letu maafisa ugani, nami nimo.

Linaloniuma zaidi ni butura. Dawa zikiisha, au ikitakiwa nauli ya hospitali, anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika anayevuna ni mwingine, na mgonjwa bado yuko kitandani. Wafanyabiashara wa kijijini, mnajua butura imekatazwa. Hata isingekatazwa, ningewaomba: mwenye mgonjwa ndani msimnunulie maua ya kahawa. Mkopesheni sabuni na chumvi, alipe akishauza kwenye chama cha msingi kwa bei ya msimu.

Haya si mapya kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baadaye bibi wengi wakabaki kulea wajukuu. Pale Nshamba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha taslimu kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ukimpa mzee hela ataichezea.

Majirani, asubuhi moja kila baada ya wiki mbili inatosha kuokoa kibanja. Ondoeni maua dume kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokeza. Mgomba ulionyauka ukateni usawa wa ardhi, kisha panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Mafunzo nitayatoa hapohapo uani kwake. Na mmoja wenu akae na mgonjwa, mama apate kulala.