Fundi ni dume, mwenye kazi ni jike

Filamu za wanyama wa Australia ni nadra kumpita ndege mmoja ambaye Kiswahili hakijampa jina. Hapa nitamwita ndege-kibanda. Dume wake hukusanya vijiti, akavisimika kuwa kuta mbili zinazotazamana, akaacha katikati uchochoro wa kumtosha ndege mmoja, kisha akatandaza mapambo mbele yake. Yule wa misitu ya mashariki, mweusi anayemetameta kwa ubuluu, hupenda zaidi vitu vya buluu: manyoya ya kasuku, maua, na siku hizi vifuniko vya chupa, mirija ya plastiki na vibanio vya nguo. Hata kuta huzipaka rangi kwa majani aliyoyatafuna yakachanganyika na mate. Basi msimulizi wa filamu humwaga sifa: msanii, mbunifu, fundi. Sina ugomvi na sifa hizo, ila zinaishia kwa fundi na mwenye kazi hatajwi. Jike, mwenye rangi ya kijani iliyofifia, huonyeshwa kwa sekunde chache kama mgeni mwalikwa, ilhali ushahidi unaonyesha kuwa oda ni yake.

Kwanza, kibanda si kiota. Jike hujenga kiota chake mtini peke yake, huatamia peke yake na kulisha makinda peke yake; kwa dume hapati ila mbegu. Kibanda hakilazi mtu, kipo kitazamwe, na mtazamaji mwenye neno la mwisho ni mmoja. Gerald Borgia wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyewachunguza ndege hawa kwa miaka mingi huko New South Wales, aliondoa mapambo kwenye baadhi ya vibanda, na wenye vibanda hivyo wakapata majike wachache kuliko wenzao. Tena jike haamui kwa kutupa jicho mara moja. Hupitia vibanda kadhaa, akaenda kujenga kiota, kisha akarudi kwa wachache aliowachuja. Mwaka 2004 kundi la Borgia lilichapisha matokeo ya kuwaongezea baadhi ya madume mapambo ya buluu. Katika ukaguzi wa mwisho, majike wachanga ndio waliovutwa na mapambo. Wale wenye umri waliangalia zaidi jinsi dume anavyocheza. Fundi huyu, basi, ana wateja wa aina mbili, na anayejua kupamba tu atawakosa wale waliokwisha kuona mengi.

Mchezo wenyewe unatisha. Dume hujitutumua manyoya, akakimbia huku na huko, akapiga mbawa na kutoa milio ya kukwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Vitendo hivyo vinafanana sana na vile anavyomtishia dume mwenzake, kwa hiyo jike aliye ndani ya uchochoro huweza kushtuka akaruka zake. Gail Patricelli alitengeneza jike la roboti, lenye manyoya halisi, analoweza kuliinamisha na kulishtusha kwa rimoti, akaliweka ndani ya vibanda. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 2002 yalionyesha kuwa madume waliopunguza makeke jike aliposhtuka ndio waliofanikiwa zaidi kwa majike wa kweli. Borgia naye amependekeza kwamba kuta za uchochoro humkinga jike asirukiwe kabla hajaridhia. Kama ndivyo, ramani ya jengo imechorwa kwa kujali usalama wa mteja, jambo ambalo mafundi wengine hulikumbuka kazi ikishaharibika.

Kuna watakaosema kwamba huu ni ugomvi wa madume wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli kwamba wanaibiana mapambo na kubomoleana kuta mchana kweupe. Joah Madden aliwaongezea matunda ya kupambia ndege-kibanda wa aina nyingine, wenye madoadoa, na wale waliopewa ziada wakabomolewa zaidi na majirani. Lakini unyoya wa buluu hauliwi, wala haumkingi ndege na baridi. Thamani ya kuibwa unaipata kwa sababu kuna anayeuangalia. Na jirani anayemshusha aliyejikweza kupita uwezo wake humpunguzia jike kazi ya kumbaini mwongo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la zamani. Charles Darwin alipoandika mwaka 1871 kwamba ndege jike huchagua kwa kupendezwa, Alfred Russel Wallace alikataa kabisa kwamba ndege ana jicho la uzuri la kiasi hicho. Mimi naona hatulazimiki kuingia kichwani mwa ndege ili kujua kwamba uchaguzi wake una nguvu. Huko Kinangop, Kenya, Malte Andersson aliwakata mikia baadhi ya ndege weusi wa mbugani wenye mikia mirefu, akawaunganishia wengine vipande kwa gundi. Matokeo yake ya mwaka 1982 yalikuwa kwamba waliorefushiwa walipata viota vingi zaidi katika maeneo yao. Na kule Papua, kwenye milima ya Arfak, ndege-kibanda dume hujenga banda lenye paa na kulipamba kwa rangi kali. Ndugu zake wa aina ileile, kwenye milima mingine isiyo mbali sana, hawaezeki, na mapambo yao yamepoa. Uchunguzi wa Arfak umeonyesha kuwa majike wa huko hupendelea mabanda makubwa na mapambo ya buluu. Iite ladha au iite silika, mafundi wa aina moja hawaachani mitindo hivyo ikiwa wateja wao wote wanataka kitu kimoja.

Linabaki la udanganyifu, na hapa nakiri kwamba jike huenda anachezewa. Kaskazini mwa Australia, ndege-kibanda mkubwa hutandaza mawe, mifupa na makombe mbele ya uchochoro: vidogo karibu, vikubwa mbali. Kwa anayetazama kutoka ndani, tofauti ya ukubwa inapotea na sakafu yote huonekana ya kipimo kimoja, kiini macho ambacho huenda kinabadilisha ukubwa wa dume anayesimama juu yake. John Endler na wenzake walizipindua sakafu hizo, wakaleta vikubwa mbele na kupeleka vidogo nyuma. Kwa siku zipatazo 3 madume wakawa wamerudisha mpangilio wao, jiwe kwa jiwe, ingawa kwa anayepita nje hauonekani kuwa na maana yoyote. Unakaa sawa ukitazamwa kutoka mahali pamoja tu, ndani ya uchochoro, pale anaposimama jike.