Bomba la Mafuta Ghafi: Usalama wa Matangi Huanzia kwenye Kizibo cha Kimiminika

Na Mwandishi Wetu

Taarifa zinazotolewa kwa umma kuhusu Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, linalojulikana kwa kifupi EACOP, kwa kawaida huzungumzia mambo yanayoonekana na kuhesabika: kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, ambapo kilomita 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania, mapipa 246,000 kwa siku bomba litakapofikia uwezo wake wa juu, na matangi ya Chongoleani yaliyosanifiwa kuhifadhi mapipa milioni 2, sawa na mafuta ya takribani siku nane. Mwananchi anayefuatilia mradi huu anastahili kuzijua takwimu hizo. Hata hivyo, hazimwelezi kwa nini tangi kubwa la mafuta hukaa salama miaka mingi, au kwa nini jingine hupasuka kwa dakika chache. Jibu la swali hilo mara nyingi limo katika vifaa ambavyo havipigwi picha siku ya uzinduzi.

Mafuta ghafi hayatoki ardhini yakiwa peke yake. Hutoka yakiwa na maji, mchanga na gesi iliyoyeyuka ndani yake, mithili ya soda ambayo bado haijafunguliwa. Gesi hiyo hutolewa kwa hatua, chombo baada ya chombo, kila kimoja kikiwa na kanieneo dogo kuliko kilichotangulia. Chombo cha mwisho, kile cha kutolea masalia ya gesi, hufanya kazi kwa kanieneo linalozidi kidogo tu lile la hewa ya kawaida. Baada ya hapo mafuta huteremka kwenda kwenye tangi la kuhifadhia. Kwa mradi wa EACOP, kazi hiyo ya kutenganisha ni ya upande wa Uganda, katika maeneo ya Tilenga na Kingfisher, kabla mafuta hayajaingia bombani. Tanzania haiwezi kuliona jambo hili kuwa la jirani pekee, kwa sababu mafuta ambayo hayakutolewa gesi ipasavyo huendelea kutoa mvuke popote yatakapotuama, yakiwemo matangi ya Tanga.

Tatizo la kiusanifu liko hapa. Chombo cha kutolea gesi ni imara. Tangi si imara kwa namna hiyo. Tangi kubwa hujengwa kubeba uzito wa mafuta, wala halikusudiwi kuzuia gesi inayosukuma kutoka ndani. Tuchukue mfano wa tangi lenye paa lisiloelea na kipenyo cha mita 60. Kanieneo la ziada la kilopaskali 1, ambalo ni sawa na kina cha maji cha sentimita 10 tu, hulisukuma paa hilo kwenda juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 288 hivi. Kwa hiyo gesi ikipenya kutoka kwenye chombo na kuingia tangini kwa wingi kuliko uwezo wa matundu ya kupumulia, paa ndilo litakaloumia kwanza. Mvuke utakaotoka utakuwa na propani na butani, gesi nzito kuliko hewa, ambazo hutambaa chini zikifuata mabonde na mitaro hadi zikutane na cheche.

Wahandisi hutumia vali inayoongozwa na kipimo cha ujazo kuzuia jambo hilo. Pale ambapo kanieneo ni dogo, ipo njia ya kale zaidi, rahisi na isiyohitaji umeme: kizibo cha kimiminika. Kila nyumba yenye sinki au choo cha kuvuta inacho kizibo cha namna hii. Ni ule mpindo wa bomba unaobaki na maji ili harufu ya shimo isirudi ndani. Kati ya chombo na tangi, bomba la mafuta huteremshwa, kisha hupandishwa tena kabla ya kuelekea tangini. Mafuta yanayobaki katika mpindo huizuia gesi kwa uzito wake, nayo mafuta mapya yanapofika hupita bila shida.

Kanuni ya kukadiria kimo cha mpindo huo inafundishwa sekondari: kanieneo ligawanywe kwa densiti ya kimiminika iliyozidishwa kwa mvutano wa dunia. Chombo chenye kanieneo la ziada la kilopaskali 20, kwa mafuta yenye densiti ya kilo 870 kwa mita ya ujazo, kinahitaji kimo cha mita 2.3. Hesabu ni nyepesi. Makosa hutokea katika kuchagua tarakimu za kuingiza.

Kosa la kwanza ni kutumia kanieneo la siku ya kawaida. Ikiwa vali ya usalama ya chombo hufunguka kwenye kilopaskali 50, kizibo cha mita 2.3 kitakuwa kimekwisha kusukumwa nje muda mrefu kabla vali haijafunguka, na gesi itachagua njia ya tangini. Kimo sahihi hapo ni karibu mita 5.9, bila kuhesabu nyongeza ya tahadhari. La pili ni kuyachukulia mafuta kuwa tulivu. Mafuta yenye povu yakishuka hadi densiti ya kilo 700 hugeuza zile mita 2.3 kuwa mita 2.9. La tatu ni kusahau tundu la kupumulia kwenye kilele cha mpindo. Bila tundu hilo, mtiririko ukikolea bomba hunyonya lenyewe, chombo kikakauka na kizibo kikatoweka.

Kwa mafuta ya Uganda kuna la nne, nalo ni zito. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida. Ndiyo sababu bomba zima limesanifiwa kupashwa joto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi. Mpindo wowote ambamo mafuta kama hayo hutuama unapaswa kupashwa joto vivyo hivyo. Mafuta yakiganda humo, tangi litakuwa salama, lakini chombo kitaanza kujaa kwa kukosa pa kutolea.

Mwandishi wa uchambuzi huu haoni kwamba usanifu mzuri unatosha. Tarehe 22 Machi 1987, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Grangemouth, Uskoti, gesi ilipenya kutoka kwenye chombo chenye kanieneo kubwa na kuingia katika chombo cha kanieneo dogo baada ya kimiminika kilichokuwa kikivitenganisha kuisha. Chombo cha pili kililipuka na mfanyakazi mmoja alipoteza maisha. Kifaa cha kufunga vali kimiminika kinapopungua kupita kiasi kilikuwepo katika usanifu, ila kilikuwa kimetenganishwa miaka kadhaa kabla.

Nchini, udhibiti wa mkondo wa kati na wa chini wa petroli ni dhamana ya EWURA, usalama mahali pa kazi ni wa OSHA, na mazingira ni ya NEMC. Taarifa za taasisi hizo zingemsaidia zaidi mwananchi wa Chongoleani kama, sambamba na asilimia za ujenzi, zingeeleza pia kiwango cha mvuke kinachokubalika katika mafuta yanayopokelewa kutoka Uganda, nani hukipima, mara ngapi, na hatua gani huchukuliwa shehena inapozidi kiwango hicho.