BREKI KWANZA, INJINI BAADAYE
Land Rover za zamani zingali zikipanda vilima vya Bukoba na Muleba, nasi twawapongeza mafundi wanaozitia injini mpya. Ile ya petroli ya lita 2.25, yenye kabureta, ilitoa nguvu za farasi 70 hivi. Ile ya dizeli ya 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994, ambayo nozeli zake hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hutoa 111.

Lakini gari lipandalo Kamachumu upesi halina budi kuteremka na shehena yake ya kahawa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwenye gari anayenunua nguvu na kubania breki anaokoa fedha zake kwa roho za dereva na utingo. Twasema wazi: wafanyakazi hao wana haki ya kuzikataa funguo.