Mfungo Usio na Mwisho: Kuutambua Ugonjwa wa Kujinyima Chakula

Huku Bungu, wilayani Kibiti, mfungo unafahamika katika kila nyumba. Waislamu, ambao ndio wengi, hufunga Ramadhani. Nasi Wakristo hufunga Kwaresima. Kwa hiyo binti anaposogeza kando sahani ya wali na samaki akisema, "Nimefunga," wazazi humheshimu. Akizidi kukonda, majirani hunong'ona juu ya UKIMWI, kifua kikuu au uchawi. Ni wachache wanaofikiri kuwa kujinyima kwenyewe kumekuwa ugonjwa.

Ugonjwa huo huitwa anoreksia nevosa, jina lililotolewa mwaka 1873 na daktari Mwingereza William Gull. Kwa asili yake ya Kigiriki jina hilo lina maana ya kukosa hamu ya kula, nalo linapotosha, kwani mara nyingi mgonjwa anasikia njaa; ila kuishinda njaa kumekuwa kwake ushindi asioweza kuuacha. Wengi huogopa kunenepa hata wakiwa wamebaki mifupa. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, mapigo ya moyo hupungua. Miongoni mwa magonjwa ya akili, huu ni mmoja wa yale yanayoua zaidi. Wavulana nao huupata.

Ndugu msomaji, usiseme upesi kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule za sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kati ya wasichana 668 waliopimwa, 10 walikuwa wamekonda mno bila sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hawakuzungumzia hofu ya kunenepa. Walizungumzia dini na kujitawala. Jambo hili linatugusa sisi wachungaji, kwa kuwa tunaweza kuusifu ugonjwa tukidhani ni utakatifu.

Mama Kanisa ameuwekea mfungo mipaka. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inawahusu waliotimiza umri wa utu uzima hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na mgonjwa hafungwi na wajibu huo. Uislamu nao humruhusu mgonjwa kula. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33, alikula kidogo kupita kiasi. Hata hivyo, yeye mwenyewe alifundisha kwamba malipizi ni chombo tu, wala si lengo.

Basi tupime hivi. Mfungo wa kweli una siku ya kufunguliwa, na anayefunga hufurahi kuketi mezani na wenzake; chakula alichojinyima humfikia mwenye njaa. Mgonjwa hawezi kufungua. Hukwepa meza, huficha chakula, hukasirika akiulizwa, naye huzidi kuwa mpweke.

Mzazi asimgombeze wala kumshindilia chakula, kwa maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa ghafla unaweza kupata madhara hata kufa. Ampeleke mapema kituo cha afya, apimwe magonjwa mengine, kisha aombe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Padre anayeungamisha asimpe mfungo kuwa malipizi. Amwambie waziwazi kwamba, kwake yeye, kula ndiyo utii.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio ndipo tujue kwamba aliyekuwa akifunga alikuwa akifa.