PAMPASI MTARONI (Sehemu ya 4)

Mama wenzangu wa Dar, leo nawasema. Mtanisamehe.

Kila masika mvua ikipiga, wadini napokea watoto wanaharisha, macho yameingia ndani. Mama anasema, "Nesi, mtaro umeziba, serikali haitujali." Sawa. Mitaro mikubwa na Bonde la Msimbazi ni kazi ya serikali, tuwadai bila aibu. Ila zile pampasi tunazozitupa mtaroni usiku, nazo katupa serikali?

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar. Mwaka 2015 vijana wa vyuo wa Ramani Huria wakapita Tandale na kwingineko wakichora mitaro pamoja na wakazi, maana mwenyeji ndiye anajua maji hufika wapi. Safi sana. Lakini ramani haijui nani kajifungua juzi, wala bibi yupi hawezi kutembea. Wewe unajua! Halafu kikao cha maafa cha mtaa kikiitwa, wanaume ndio wanaongea, sisi tunapika chai. Mimi hili silikubali.

Jumapili hii piga hodi nyumba kumi za jirani. Andikeni nani mjamzito, nani mlemavu, na nani atambeba nani maji yakiingia saa nane usiku. Karatasi hiyo mpelekee mwenyekiti, na ukae kikaoni mpaka isomwe.

Kadi za kliniki wekeni kwenye kopo lenye mfuniko, juu. Na mtoto akianza kuharisha, mpe ORS hapohapo, endelea kumnyonyesha, umlete. Usingoje mvua ikatike.