Matela Yaliyosimama na Breki Zake

Baadhi ya wanachama wenzetu walio katika kazi ya mizani, forodha na maghala wametuuliza neno ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana kuwa si la makarani. Je, dereva wa lori akisha simamisha gari lake, yampasa kufunga breki za tela sikuzote, au ziko saa ambazo hazifai kufungwa? Wako watakaosema kwamba shauri hilo ni la madereva na matajiri wao. Sisi twasema sivyo. Karani ndiye apitaye kati ya malori na buku lake mkononi akikusanya hati, na karani ndiye aandikaye tangazo libandikwalo langoni. Tangazo likiwa na upungufu, hudhurika watu, wala si karatasi.

Uko uwanja mmoja tunaoujua, ambao hatuutaji, ambako tangazo laamuru madereva wote wafunge breki za tela, na zaidi ya hayo halisemi neno. Hatuna ugomvi na amri yenyewe, maana kwa sehemu kubwa ni ya haki. Ugomvi wetu ni kwamba haina sababu wala kiasi, na mtu aliyepewa amri isiyo na sababu hawezi kujua siku ambayo amri hiyo haitamfaa.

Basi na tuanze na namna breki hizi zinavyofanya kazi. Injini huendesha pampu, pampu hujaza upepo katika mitungi, na dereva akikanyaga pedeli upepo husukuma viatu vya breki vikashika. Asili yake ni kwa George Westinghouse wa Marekani, aliyepata hati ya breki ya upepo kwa ajili ya treni mwaka 1869. Mwaka 1872 aliitengeneza hata mpira ukikatika breki zikashika zenyewe badala ya kulegea, na tela la leo laifuata kanuni hiyohiyo: ukichomoa mpira mwekundu, tela hujifunga.

Walakini yafaa kuuliza, hujifunga kwa nguvu ya nini? Hapa ndipo wengi hukosea. Katika tela lenye springi za breki, upepo ndio unaozizuia springi. Upepo ukitoka, springi hushika, nazo hazichoki usiku kucha. Lakini tela lisilo na springi hushikwa kwa upepo ulio katika mtungi wake tu. Upepo huo huvuja polepole, na breki iliyofungwa magharibi yaweza kuwa imefunguka alfajiri bila mtu kuigusa. Huko Marekani, matela yaliyoundwa kabla ya mwaka 1975 hayakulazimishwa kuwa na springi hizo, na vitabu vya kufundishia madereva vya huko vyaonya kwamba tela la namna hiyo sharti liwekewe kabari magurudumuni. Katika njia zetu matela ya umri mkubwa si haba.

Tena iko hali nyingine ambayo hata madereva wazoefu huisahau. Katika malori mengi yaliyoundwa kwa desturi ya Ulaya, dereva akivuta mkono wa breki, kichwa hushikwa kwa springi, bali tela hushikwa kwa upepo utokao katika kichwa. Kwa sababu hiyo mkono ule umewekewa nafasi ya mwisho ya kujaribia: huachia breki za tela kwa kitambo, ili dereva aone kama kichwa peke yake chaweza kulizuia gari zima. Kanuni za Ulaya zataka kichwa kiweze kulizuia lori na tela lake lililojaa katika mteremko wa 12 kwa 100. Dereva ashukaye bila kujaribu amemwachia upepo kazi ya usiku. Kama tela lina kifundo chake cha breki ya kuegesha ubavuni, na akivute.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya uzito wa magari, ya mwaka 2016, yaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Weka uzito huo katika mteremko wa 5 kwa 100, ambao mtu atembeaye hauhesabu kuwa mlima, na nguvu ivutayo kwenda chini ni karibu tani 2 na kilo 800. Kisha tuwakumbuke wanaokaa chini ya tela hilo. Utingo hutandika gunia lake kivulini, huweka sufuria ya chai, hulala. Hakuna aliyemwambia asilale pale, maana uwanja hauna banda.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: dereva akiondoka kitini, breki za kichwa na za tela zifungwe pamoja. Akitaka kukata tela au kuliunga, aangalie mara mbili. Wako madereva waliokufa, Uingereza na kwingineko, kwa kuunga mpira mwekundu hali breki ya kichwa haikufungwa. Upepo uliingia, tela likafunguka, na gari zima likaondoka na mwenyewe akiwa katikati.

Illa ziko nyakati ambazo kufunga ni kudhuru. Lori lililoshuka Kitonga na mzigo kamili hufika Ruaha Mbuyuni magurudumu yakinuka moto. Ngoma ya breki iliyopata moto hutanuka. Ukiifunga hivyo ikapoa, hujibana juu ya viatu, na yaweza kupinda au kupasuka. Dereva wa namna hiyo atafute mahali tambarare, aweke kabari mbele na nyuma, aache breki zipoe kwanza. Na tusemapo kabari, twasema kabari za kweli. Hayo mawe wayatiayo madereva wetu na kuyaacha katikati ya lami waondokapo, yamekwisha waua wapanda pikipiki, nasi twashangaa kwamba hakuna ayahesabuye kuwa kosa. (Vitabu vya Wazungu vyataja pia breki zilizolowa kuganda kwa barafu, hilo tunawaachia wao.)

Katika maghala liko jambo la matela yanayokaa juu ya mifuko ya upepo badala ya springi za majani. Wapagazi wakiingiza mzigo, bodi hushuka, mikono ya ekseli huzunguka kidogo, na kwa kuwa breki imeyafunga magurudumu na ekseli pamoja, magurudumu nayo huzunguka. Tela likasogea vidole viwili, likasogea tena, hata pakawa na pengo kati yake na jukwaa. Dereva hulaumiwa kwamba hakufunga breki, naye amefunga. Dawa yake ni kutoa upepo katika mifuko kwanza, bodi ikae chini, kisha ndipo breki zifungwe. Tangazo lisilosema hivyo humtoza faini mtu aliyetii.

Na mizani je? Pale gari linapopimwa ekseli moja moja, breki zikiwa zimeshikwa magurudumu huvutana, na mzigo wa ekseli moja huelemea nyingine. Hesabu yaweza kumtia hatiani asiye na hatia. Hapo breki ziachiliwe kwa kitambo cha kupima, dereva akiwa kitini mwake, wala mtu asiwe mbele ya gari wala nyuma. Karani wa mizani ndiye mwenye kusema neno hilo kwa sauti, na kama hakufundishwa, si kosa lake peke yake.

Twaomba basi Kamati iwaandikie wakubwa wa viwanja kwa adabu, kwamba tangazo liandikwe upya kwa Kiswahili kilicho wazi pamoja na sababu zake, kwamba kabari za mbao ziwekwe langoni na kuandikwa katika buku la vifaa, na kwamba utingo wajengewe banda, hata la makuti. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza na barua za uchunguzi. Mpaka majibu yaje, mwanachama apitaye na buku lake akikuta mtu amelala chini ya tela, na amwamshe kwanza, ndipo aulize habari za hati.