Risala ya Wasikilizaji wa Vitabu vya Sauti kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo na Wachapishaji

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa wafanyabiashara wa Kariakoo,
Wachapishaji na wageni waalikwa,

Sisi ni wasikilizaji wa vitabu vya sauti, wengi wetu wasioona, wakiwemo waliosoma Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko. Desturi ya risala ni kuanza na shukrani. Mtuwie radhi, leo tunaanza na malalamiko.

Mtu ananunua kitabu cha sauti kwa pesa yake halali, anakipakua. Kisha anakwenda Mtaa wa Aggrey kutafuta redio ndogo ya memori kadi, ile yenye vitufe vya kupapasa. Anaambiwa: "Mzee wangu, hii inapiga kila kitu." Akifika nyumbani, kimya. Faili ni la M4B, redio inajua MP3 tu. Au faili lina kufuli, halifunguki ila ndani ya programu ya aliyeliuza. Au kadi ni ya GB 64, imefomatiwa kwa exFAT, na redio inasoma FAT32 peke yake. Akirudi dukani anasomewa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hayo ndiyo maandishi pekee tunayosomewa Kariakoo bila kuomba.

Hata ikicheza, bado. Zipo redio zinazopanga mafaili kwa herufi badala ya hesabu: sura ya 1, kisha ya 10, ya 11, ndipo ya 2. Mhusika anazikwa kabla hajaposa. Ukizima kuokoa betri, ukiwasha inarudi mwanzo wa faili. Kwa wimbo wa dakika nne si neno. Kwa sura ya saa nzima ni adhabu.

Wakati huohuo, kijana mwenye kompyuta chini ya mwavuli anakuingizia nakala ya wizi, MP3 safi, inacheza papo hapo. Aliyelipa anakosa, asiyelipa anasikia. Ndugu wachapishaji, kufuli lenu limemfungia nje mteja, mwizi yumo ndani.

Kwa hiyo tunadai, kwanza kwa wauza vifaa: mteja ajaribu faili lake mwenyewe hapo kaunta kabla hajalipa. Dakika mbili zinatosha, na hili hatulipunguzii bei. Boksi nalo liseme kwa Kiswahili kifaa kinacheza mafaili gani na kinapokea kadi ya ukubwa gani.

Wachapishaji, tuuzieni MP3 isiyo na kufuli, sura zianze 01, 02, 03. Hataza za MP3 ziliisha muda mwaka 2017, kwa hiyo msituambie habari za gharama ya leseni.

Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofungua njia ya kutengeneza na kubadilishana nakala kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Tunaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba iweke dawati pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mtu afike na kadi yake awekewe kitabu kinachocheza kwenye redio aliyonayo.

Shukrani tumeziweka akiba. Majibu tuleteeni kwa sauti, na yawe ya MP3.

Tunaomba kuwasilisha.